Kinga

Jana usiku mbingu ilikohoa juu ya Morungole,
ikatema moto, isiteme mate.
Radi saba nilihesabu, nikaacha.
Halikuanguka hata tone la kulowesha vumbi
kwenye paji la uso wa mbuzi.

Asubuhi moshi mmoja, mwembamba kama uzi wa ushanga,
ulisimama upande wa Kamion.
Mbali, alisema shemeji Lochoro, akaendelea kunoa kisu.
Mbali ni neno la mtu ambaye hajaona upepo wa Machi
ukivuka bonde kabla uji haujapoa.

Nimeshika panga.
Nafyeka kuanzia ukutani kwenda nje, hatua thelathini,
nazipima kwa miguu yangu
maana miguu ya mume wangu iko malishoni na ng'ombe.
Nakiru anazoa nyasi. Lomeri mdogo
nimempa kazi ya kuokota vinyesi vikavu,
vile anavyovipanga foleni akaviita malori.
Amelia. Ameyatupa malori yake nje, moja moja.

Madumu matano ya njano, mawili yanavuja.
Nimeyaziba kwa sabuni.
Kutoka hapa hadi pampu ni masengenyo mawili
na nusu ya tatu.
Mtama wa mbegu nimeushusha ghalani,
nikautia chunguni, nikauzika kama maiti,
nikakanyaga udongo juu yake.

Unabaki ua.

Ua huu wa miiba aliufuma mama mkwe, Napeyok,
miaka ya bunduki,
tabaka juu ya tabaka hata nyoka akaomba njia.
Kitundu kimoja cha kuingilia kwa magoti,
ili mwizi wa ng'ombe akitanguliza kichwa
kichwa kikutane na rungu.
"Kinga yetu hii," anasema. "Nawe wataka kuitoboa?"

Mama, kinga.
Kiswahili nilichookota nikiuzia wanajeshi chai
kina neno hilo moja kwa mambo yasiyopatana.
Kinga ni ngao.
Kinga ni kijinga cha moto,
na wenyewe husema kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Kinga ni kutega chombo chini ya mvua, ungoje.
Tumeishi ndani ya maana ya kwanza.
Radi inasoma ya pili.
Miiba hii imekauka kuliko hasira zako, Mama.

Hakucheka.
Aliingia kibandani mwake, nikasikia ugoro ukigongwa.

Jua lilipoinama akatoka na shoka,
shoka lake, si langu,
akapita pale nilipochora alama ya majivu
bila kupaangalia.
"Si hapo. Hapo ndipo upepo utaingilia."
Akazunguka hadi nyuma ya zizi la ndama, akapiga.
Miiba ilimchana mikono, akapiga.
"Walipotuchomea," alisema, bila kugeuka,
"mlango ulikuwa mmoja.
Nilirudi ndani mara mbili.
Watoto walikuwa watatu."

Miaka tisa nimekula chungu kimoja naye.
Sikujua kuna wa tatu.
Niliburuta matawi, nikayaburuta mbali,
kupita hatua thelathini, kupita hamsini.

Sasa kuna tundu la kupitisha ndama, na mtu aliyebeba mtu.
Tumefanya mazoezi mara nne.
Nakiru anambeba Lomeri, mimi nafungua mbuzi,
Lochoro, kisu kimeshanolewa vya kutosha, anamshika Bibi mkono.
Bibi hataki kushikwa mkono.
Hilo halijapata dawa.

Usiku huu Morungole inakohoa tena.
Napeyok amekaa kwenye tundu jipya, rungu mapajani,
kwa kuwa mlango unaotoa ndio unaoingiza,
na wezi hawajafa wote.
Mimi natazama moshi; yeye anatazama giza.
Nakiru ametoka na sufuria, ameiacha uwanjani, mdomo juu.
Sijamwambia airudishe.